Mita ya Oksijeni na Samaki Waliompokea Mgeni

Mita ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya sanduku la kijani lenye kufuli mbili, na kabla haijafika mezani kwangu ilikuwa imekwisha kuzinduliwa. Mkuu wetu wa kitengo cha maji aliipokea stesheni ya Tabora akiwa ndani ya koti lake la sufu. Koti hilo alilinunua ng'ambo, katika nchi ya baridi alikopelekwa kwa kozi fupi, na tangu arudi alilivaa kila palipokuwa na jambo la kitaalamu, hata mwezi wa kumi, wakati mbwa wa Tabora hulala ndani ya mitaro. Alipanda juu ya toroli la mizigo, akawahutubia wapagazi wa reli na abiria waliokuwa wakisubiri gari la Kigoma, kwamba kuanzia siku hiyo mkoa umeingia katika zama za sayansi. Abiria wakapiga makofi. Miaka ile tulikuwa tumezoea makofi; mikono ilijua kazi yake bila kukiuliza kichwa.

Mimi ndiye niliyebeba sanduku mpaka ofisini. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha ufundi wa maabara, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, na kazi yangu ilikuwa kupima maji ya visima, mito na mabwawa. Mtaani hawakuielewa kazi hiyo. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza baba kama maji huwa napima kwa pishi au kwa kilo. Mama alimaliza utata kwa kuwaambia watu kwamba mimi ni daktari wa visima, nami sikumsahihisha, maana kusalimiwa "daktari" ukielekea sokoni kununua dagaa ni jambo zuri.

Kabla ya mita, oksijeni iliyo ndani ya maji niliipima kwa chupa. Samaki wanaivuta hiyo, na maji yakiikosa huoza na kunuka. Unajaza chupa hadi mdomoni, unatia dawa hii na ile, ndani inatokea tope jepesi. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likibaki jeupe, hakuna kitu. Kisha unaendelea na tindikali na wanga, tone kwa tone, mpaka rangi ya buluu inapotea ghafla. Nilikuwa naipenda kazi hiyo. Mkuu hakuipenda. Alipita mlangoni, akatazama chupa zangu, akasema, "Huo ni upishi, binti. Sayansi ina mshale."

Basi mshale ukaja, na nyuma yake mtaalamu wa Kizungu wa kutufundisha. Alikuwa kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akisema kila silabi kana kwamba anaiweka kwenye trei. Alitufungulia sanduku. Kichwa cha mita kilikuwa kama kidole gumba cheusi kinachoning'inia kwenye waya. Nchani palikuwa na kiduara kidogo cha dhahabu. Juu yake unadondosha maji ya chumvi maalumu, unafunika kwa utando wa plastiki mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, unauvuta ukaze bila mkunjo, kisha unaubana kwa kipete cha mpira. Kiputo kimoja kikibaki chini ya utando, mita inasema uongo. Utando ukikauka, inasema uongo. Ukiushika kwa vidole vilivyotoka kwenye kitumbua, inasema uongo kwa ujasiri zaidi.

"Kila siku kabla ya kazi," alisema yule kijana, "mita inataka kukumbushwa ukweli."

Kuikumbusha ukweli ndiko kuiweka sawa. Unakiingiza kichwa chake katika chupa yenye sifongo bichi, unakiacha kipumue hewa yenye unyevu, unasoma joto, unatazama jedwali, halafu unazungusha kitufe mpaka mshale utue kwenye namba inayostahili. Ukimaliza kazi unakirudisha kwenye sifongo kilale na unyevu wake. Nilijifunza haraka. Mkuu hakujifunza, ila neno moja lilimwingia sawasawa: dhahabu.

Kijana alipoondoka, Mkuu aliifungia mita katika kabati la ofisini kwake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma alichofuma mkewe. Wageni wote walioneshwa. "Ina dhahabu ndani," aliwanong'oneza, na wageni wakainama kuitazama kama wanaomchungulia bibi harusi. Betri zake alizitoa ziende kwenye redio yake, kwa sababu taarifa ya habari haiwezi kungoja. Siku moja, akijiandaa kumpokea mkubwa fulani, aliona ile dhahabu haing'ai vya kutosha. Akauondoa utando, akaipiga dhahabu kwa dawa ya kung'arishia vifungo vya shaba. Nilipoirudishia betri niende nayo kazini, mshale ulikuwa unatapatapa kama kuku aliyechinjwa.

Ilinichukua siku nyingi za kufuta, kuosha, kubadili utando na kuomba Mungu mpaka ikatulia. Niliithibitisha kwa chupa zangu za kipishi: maji yaleyale ya ndoo moja, nusu kwa mita, nusu kwa chupa, na namba zikakubaliana. Nikaipeleka kwa Mkuu nikiwa na furaha. Hapo ndipo tulipogombana kuhusu hewa ya Tabora.

Alikuwa ameshika kitabu cha mita. "Hapa wameandika," alisema, "kwa joto hili mshale uwe kwenye nane na kidogo. Wewe umeuweka saba na kidogo. Kwa nini?"

"Nane ni ya usawa wa bahari, Mkuu. Sisi tuko juu. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yetu hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya pwani. Jedwali la pili linaeleza."

Alikiweka kitabu chini polepole. "Unataka kuniambia kwamba hewa ya Tabora ni pungufu kuliko hewa ya Dar es Salaam?"

"Ni nyepesi, Mkuu."

"Tangu lini? Azimio limesema binadamu wote ni sawa. Wakoloni walitunyima barabara, walitunyima shule, wakaandika vitabu kwamba tuna kasoro kichwani. Leo binti aliyesomeshwa na wananchi anakuja kuniambia kwamba na hewa yetu ina kasoro!"

"Jedwali halikuandikwa na wakoloni..."

"Liliandikwa na nani? Na Mnyamwezi?"

Akaivuta mita, akazungusha kitufe mwenyewe mpaka mshale ukafika nane, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyerudisha haki ya wilaya nzima. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na mita mbili katika mwili mmoja. Mkuu akiwa na wageni, ilikuwa mita ya usawa. Nikienda nayo porini, niliirudisha kuwa mita ya Tabora.

Sasa nije kwenye bwawa.

Mbele ya Goweko, karibu na njia ya zamani ya misafara, palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa. Mama yangu mkubwa, dada wa mama, alikuwa ameolewa upande huo na mkulima wa tumbaku. Wakati wa operesheni walihamishwa na nyumba zao zikabaki nyuma, wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka. Mama mkubwa alikuwa na ulimi mkali kuliko panga la kufyekea. Alisema babu zake walipita hapohapo wakiwa na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na kwamba hata Waarabu waliwaruhusu kulala pale wanapotaka. Kijiji kilipochimbiwa bwawa, maji yake yakameza shamba lake la karanga. Alifidiwa kwa kuambiwa ahsante.

Bwawa lilipandikizwa perege, nao wakazaa wakajaa. Ndipo yakatangazwa mashindano ya vijiji, na Mkuu akaona bwawa hilo ni tiketi yake ya cheo. Alitoa maelekezo kwamba maji yarutubishwe. Kila kaya ipeleke samadi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyeogopa kila kitu chenye mhuri, aliyatekeleza maelekezo kwa moyo wote: samadi ya ng'ombe, ya mbuzi, pumba, majani, kila kilichoweza kuoza kikaingia majini. Maji yakawa ya kijani, mazito kama rangi ya kupaka milango. Na juu ya hayo, amri: samaki wasivuliwe mpaka mgeni rasmi aje awaone.

"Kumbe tunafuga samaki wa kutazama," mama mkubwa alisema, "kama picha ya ukutani."

Mgeni rasmi alitakiwa kufika mwezi wa pili, katika kile kiangazi kifupi kinachokatiza mvua. Sisi tulitangulia siku moja kabla kwa Land Rover, Mkuu mbele na koti lake, mimi nyuma nimeipakata mita ili isitikiswe. Nililala kwa mama mkubwa. Kulipoanza kupambazuka nilijifunga khanga, nikachukua mita na chupa yangu ya sifongo, nikashuka bwawani.

Nilisikia kabla ya kuona. Ni sauti ndogo, nyingi, kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba. Kisha mwanga ukaongezeka, nikaona midomo. Bwawa zima, kutoka ukingo mpaka ukingo, lilijaa midomo ya perege iliyotokeza juu, ikifunguka na kufumba, ikinyonya ile ngozi nyembamba ya maji inayogusana na hewa. Nimeyapima maji mengi maishani mwangu, lakini asubuhi ile nilijikuta na mimi nahema.

Mkuu na Mwenyekiti walikuja wakiwa wamekwisha kunywa chai. Mwenyekiti alifumbata mikono kifuani kwa furaha. "Tazama, Mkuu. Wamejipanga wenyewe!"

"Wanajua leo kuna mgeni," Mkuu akasema, naye hakuwa akitania. "Natamani angefika sasa hivi awaone."

"Mkuu," nikasema, "hawa samaki wanakata roho. Maji hayana oksijeni."

"Usitumie lugha ya kuwakatisha wananchi tamaa."

Nikaiweka mita sawa mbele yao, nikatumbukiza kichwa chake, nikawa nakitikisa taratibu, kwa sababu kichwa kisipotikiswa kinakula oksijeni iliyokizunguka na kusoma pungufu.

"Usikoroge kama uji," Mkuu alinionya. "Mgeni akija, usikoroge."

Mshale ulianguka. Ukapita tano, ukapita mbili, ukalala karibu kabisa na sifuri. Mkuu aliugonga kioo kwa ukucha. Hakuna. Akafikiri kidogo. Kisha akanyoosha kidole, akazungusha kitufe, na mshale ukaanza kupanda, mbili, nne, sita, mpaka ukasimama mahali alipopapenda.

"Si unaona ipo?" akasema.

Sijapata kumwona tena mtu akiwapa samaki pumzi kwa kidole kimoja. Samaki wenyewe hawakutambua msaada huo. Waliendelea kufungua midomo.

Mgeni, kama ilivyo desturi ya wageni, alichelewa. Kwaya ikaimba ikachoka, ngoma zikapashwa moto zikapoa, jua likapanda likakaa juu ya bwawa kama sufuria juu ya mafiga. Na jua lilifanya kazi yake. Ule ukijani wote ndani ya maji ni mimea midogo isiyohesabika, na mchana, ikipata mwanga, hutoa oksijeni bila kipimo. Saa tisa alasiri, msafara wa magari ulipotokea, vipovu vilikuwa vinapanda juu kama soda. Samaki walikuwa wamezama zao chini, wazima, na hakuna hata mmoja aliyeonekana.

Mgeni alisimama ukingoni akiangalia maji matupu. "Samaki wako wapi?"

Mwenyekiti alitokwa na jasho. "Asubuhi walikuwepo wote, Ndugu Mheshimiwa. Walikuja wenyewe."

"Leta mita!" Mkuu akaita.

Nilipiga magoti ukingoni. Nilikirudisha kitufe pale kinapostahili, kwa joto la saa ile na kwa mwinuko wa pale, kwa uaminifu wote niliofundishwa.

"Anafanya nini huyu?" mgeni akauliza.

"Anaitia nidhamu, Mheshimiwa."

Nikatumbukiza kichwa. Mshale ukapanda. Ukapita saba ya Tabora, ukapita nane ya Dar es Salaam, ukapita kumi, ukaenda kusimama kumi na nne. Mkuu aliinama akasoma, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa peponi kwa jina.

"Kumi na nne!" alipaza sauti. "Nchi zilizoendelea zenyewe zina nane! Kijiji hiki, Mheshimiwa, kimevuka lengo la oksijeni!"

Vifijo na makofi vikapaa, na mpiga picha wa gazeti akabonyeza kamera. Mgeni akatoa kitambaa akafuta paji la uso, akatangaza papo hapo kwamba vijiji vyote vya jirani viige mfano, na kwamba hapa samadi iongezwe maradufu.

Nikasimama. Magoti yangu yalikuwa na tope. "Ndugu Mheshimiwa, naomba kusema."

Mkuu alinikanyaga mguu, lakini mgeni alikuwa na furaha, akatabasamu. "Sema, binti."

"Hii ni oksijeni ya mchana, ya jua. Jua likizama, mimea hii hii na samadi hii hii huanza kuinywa, na ikifika alfajiri imekwisha. Leo asubuhi samaki walikuwa juu wanahema. Siku jua litakapokosekana, watakufa wote. Samadi ipunguzwe na samaki wavuliwe."

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, hata mimi nikilala nahema. Muulize mke wangu."

Walicheka wote. Alicheka Mwenyekiti, alicheka Mkuu, wakacheka wazee waliokaa mbali ambao hawakusikia kilichosemwa. Nami nilibaki nimeshika waya wa mita, utando wake safi, kitufe chake kikiwa sawasawa, namba yake ya kweli kabisa. Kama ningeiacha na uongo wa Mkuu ningepata pa kumlaumu. Ukweli wangu mwenyewe ndio ulionifunga mdomo.

Jioni nilimweleza mama mkubwa. Alikuwa anakwangua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopata fangasi kidogo, akiitazama mmoja mmoja.

"Watakufa lini?"

"Mawingu yakitanda siku mbili tatu mfululizo."

"Nao wakifa ni wa nani?"

"Wa kijiji, mama mkubwa."

"Wakiwa hai wa serikali, wakifa wa kijiji." Akaweka kisu chini. "Wakiwa chunguni tu ndio watakuwa wangu. Alfajiri wanakuja juu, umesema?"

"Wanakuja juu na wamelegea. Hata kwa ungo unawapata."

Niliomba ruhusa ya kubaki kijijini. Mkuu alinipa upesi sana, na mita akaniachia, kwa kuwa alitaka namba nyingine za kumi na nne za kuongezea katika taarifa yake. Kila asubuhi wanawake wa mstari wetu walienda kuteka maji na ndoo, nyungo na matenga. Kuteka maji kwa tenga ni jambo ambalo Mwenyekiti angeweza kulishangaa, lakini alichagua kutazama upande wa mashamba. Perege waliingia kijijini wamefunikwa majani ya maboga. Wangewakaushia wapi bila kila mtu kusikia harufu? Mama mkubwa aliwapeleka kwenye bani lake la kukaushia tumbaku. Moto ulikuwa unawaka humo tayari, na moshi wa bani msimu ule haumshangazi mtu. Samaki wakaning'inizwa chini ya majani ya tumbaku, na mume wake akalalamika, "Mkaguzi ataninusa!" Akajibiwa kwamba mkaguzi akipata njaa atamshukuru.

Kisha mawingu yakaja. Yalitoka upande wa mashariki, mazito, ya rangi ya risasi, yakakaa. Siku ya kwanza alasiri mshale ulifika sita tu. Siku ya pili haukufika tatu. Niliketi ukingoni chini ya mwavuli wa kuazima, na kwa mara ya kwanza nilitamani mita yangu iwe inasema uongo. Nikaupima uwezekano huo kwa bidii. Niliung'oa utando nikauangalia kwenye mwanga: haukuwa na tundu. Nikauweka mwingine mpya, maji mapya ya chumvi, hakuna kiputo. Nikafuta, nikaloanisha sifongo, nikaiweka sawa upya. Mshale ukarudi palepale. Nikachukua chupa zangu za kipishi, nikajaza, nikatia dawa. Tope lilitokea ndani likawa jeupe, jeupe kama uji wa mgonjwa. Nililitikisa nikasubiri lipate hata chembe ya ukahawia. Halikupata.

Nilimkimbilia Mwenyekiti, nikamwambia awaite watu wavue wote waliobaki, mchana huohuo, hadharani. Alikuwa chini ya upenu wa nyumba yake, akiitazama mvua.

"Amri mpya inasema wasivuliwe mpaka zawadi ya mashindano itolewe," alisema.

"Kesho hakutakuwa na wa kuvuliwa."

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "wakifa, nitaulizwa kwa nini wamekufa, na kwa hilo nitasema sijui. Nikiwavua, nitaulizwa kwa nini nimewavua. Kwa hilo nitasema nini?"

Nilimchukia kwa jibu hilo, hasa kwa sababu lilikuwa la akili.

Walikufa kabla ya jua la siku iliyofuata. Bwawa liligeuka jeupe kwa matumbo. Watoto walitupa mawe wakafukuzwa, ndege wakaja, halafu harufu ikaja, na nyuma ya harufu akaja Mkuu. Alikuja na koti limelowa maji, zito kama kondoo aliyetoka kuogeshwa. Mkutano uliitishwa shuleni.

"Hii ni hujuma," alitangaza. "Maadui wa maendeleo wametia sumu."

Watu wakaangaliana. Mama mkubwa akaangalia kucha zake.

"Binti," Mkuu akanigeukia, "wewe ndiye mtaalamu. Waeleze wananchi, siku ya mgeni mita ilisoma ngapi?"

"Kumi na nne, saa tisa alasiri. Lakini alfajiri waliyokufa..."

"Swali ni la siku ya mgeni." Akawageukia watu. "Mmesikia. Oksijeni ilikuwepo, tena ya ziada. Samaki mwenye oksijeni ya ziada anakufaje? Sumu!"

Nikasema hapana. Nikasimama juu ya dawati ili wa nyuma wasikie, nikasema hakuna sumu, ni samadi na mawingu, nikawanyooshea ile chupa yenye tope jeupe. Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Walinisikiliza kwa adabu. Lakini chupa yangu haikuwa na mshale, na mtu aliyetia sumu ni hadithi tamu kuliko kinyesi cha ng'ombe ambacho kila mmoja wao alikipeleka kwa mikono yake. Ikaundwa kamati ya kumtafuta mhujumu. Kamati ilimtafuta kwa muda, ikachoka, ikavunjika pasipo kumpata. Mkuu alihamishiwa Dar es Salaam kwa cheo kikubwa zaidi, kwa sababu taarifa yake iliishia siku ya kumi na nne. Na huko Dar, lazima niseme, namba yake ya nane ilikuwa sahihi.

Mita ilibaki mikononi mwangu. Niliitunza miaka mingi, nikiilowanisha na kuikumbusha ukweli kila asubuhi, mpaka tando zikaisha, tukaagiza nyingine, hazikuja, nikarudi kwenye upishi wangu. Bwawa lile nalo lilipona lenyewe. Hakuna aliyepeleka samadi tena, wala hakuna aliyetangaza kwamba imekatazwa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya ule mkutano. Tulikuwa tumekaa jikoni kwa mama mkubwa, ugali umeiva, perege wa bani wamepikwa na karanga za kusaga. Mwenyekiti akabisha hodi. Wanawake wawili waliokuwa nasi walifunika chungu kwa haraka. Mama mkubwa akakifunua.

"Karibu, Mwenyekiti. Nawa mikono."

Alinawa. Alikaa, akala, akitoa miba kwa uangalifu. Hakuuliza samaki wametoka wapi.

"Wana harufu ya tumbaku hawa," alisema mwishowe.

"Basi usiwale. Wavute."

Alicheka, cheko la mtu ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, akapaliwa, tukampigapiga mgongoni. Alipopata nafuu macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua ni ya mwiba au ya kitu kingine. Alikula mpaka akamaliza. Alipoinuka alisimama mlangoni, akikunja kofia yake mikononi.

"Mama, nifungie wawili nimpelekee mke wangu. Naye ana watoto wa kulisha."

Mama mkubwa alichukua wanne. Akanyoosha mkono kulichukua gazeti lililokuwa juu ya pipa, ambalo dereva wa Mkuu alikuwa ametuachia siku hiyo, akalikunjua.

"Si hilo," Mwenyekiti akasema upesi. "Tafadhali, tumia jani la mgomba. Hilo lina picha ya mgeni yuko bwawani, na mimi nimesimama nyuma yake napiga makofi."